Kidonge Nilichokiombea

Tulimzika Matroni Tusekile kule Itumba mwezi uliopita, kwenye mteremko ulio nyuma ya kanisa, ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne. Kabla ya jeneza kutolewa ndani, mpwa wake alisoma wasifu wa marehemu kutoka kwenye karatasi tatu: shule aliyosoma, chuo cha uuguzi, miaka yake kwenye hospitali ya kanisa upande wa Tunduma, kwaya ya akina mama, shamba la kahawa, kustaafu. Nilikuwa nimeketi mkekani na wanawake wenzangu, na kila mwaka ulipotajwa niliukunjia kidole ndani ya kanga, nikingoja aufikie mmoja. Hakuufikia. Aliuvuka kwa kusema "aliendelea kumtumikia Bwana kwa uaminifu," watu wakaitikia amina, na mimi nikaitikia, maana ni kweli. Lakini ndani ya mwaka ule aliouruka, nilimpa mgonjwa kidonge kwa mkono wangu baada ya mgonjwa mwenyewe kuniambia kwamba kinamdhuru. Na wagonjwa wengine kumi na mmoja walikuwa wanameza kidonge cha aina ileile kila asubuhi, wakati sisi tuliokuwa na wajibu wa kusema tunajiuliza kama tuseme au tunyamaze. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Sasa waliokuwa wanalijua jambo hili wamelala wote, nimebaki mimi.

Wakati ule huku kwetu kulikuwa bado ni Mkoa wa Mbeya. Sukari na sabuni vilikuwa vimerudi madukani baada ya miaka ya foleni, na Tunduma ilikuwa inakua kila wiki, vibanda juu ya vibanda, malori yamepanga mstari kungoja kuvuka. Na watu walikuwa wanakonda. Ugonjwa wenyewe haukutajwa kwa jina. Ukiuliza fulani anaumwa nini uliambiwa "kifua," au "ile ya mpakani," halafu mazungumzo yakageuzwa kwenye mvua. Wengi waliokuja kwetu walikuwa na kifua kikuu kweli, kimepanda juu ya ule mwingine. Wodi ya kifua ilijengwa peke yake nyuma ya mikaratusi, vitanda kumi na vitatu, ukuta mfupi wa mbao ukiwatenga wanawake na wanaume. Madirisha hayakufungwa usiku wala mchana, kwa amri, ili hewa ipite. Na mwezi wa sita upepo wa Mbozi ukiingia mle ndani, ulisikia vitanda vya chuma vikitetemeka pamoja na waliovilalia. Kulinuka dawa ya kusafishia sakafu, moshi wa kuni, na majani ya mikaratusi. Hata leo nikipita chini ya miti hiyo baada ya mvua, naongeza hatua.

Wodi ile ilikuwa na desturi yake, na niliipenda. Saa moja asubuhi nilisukuma kitoroli chenye sinia la dawa. Kwa kuwa mifuko ya kutilia vidonge haikuwepo, kwenye chumba cha dawa walivikunja kwenye vipande vya karatasi, kila mgonjwa na kifurushi chake cha siku, namba ya kitanda imeandikwa kwa kalamu. Nilisimama katikati, wagonjwa wakafumba macho, nikaomba juu ya sinia. Ndipo nikapita kitanda kwa kitanda, na kila mmoja akameza mbele yangu nikimtazama koo, kwa sababu kifua kikuu hakitaki kurukiwa hata siku moja. Matroni Tusekile ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mwanamke mrefu wa milima ya Ileje, mkali, anayenyoosha shuka kwa kiganja kama anapiga pasi. Wiki yangu ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, dawa bila maombi ni chokaa." Niliyaandika maneno hayo ndani ya jalada la Biblia yangu. Na sauti iliyoitikia amina kwa nguvu kuliko zote ilitoka kitanda namba saba, upande wa wanaume, kwa Mwinjilisti Yohani, mzee wa Mlowo aliyekuwa akihubiri masokoni mpaka kifua kilipomnyima pumzi.

Wa kwanza kufa vibaya alikuwa mfugaji mmoja kutoka bondeni, Momba, aliyeletwa na kaka zake juu ya trekta. Kifua chake kilianza kutulia. Wiki ya tatu akaanza kujikuna, halafu macho yakawa mekundu, halafu ngozi ya mgongo ikaanza kuinuka na kutoka, kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Tulimlaza kwenye majani ya mgomba kwa sababu shuka ziling'ang'ania. Kaka zake walisema ametupiwa kitu na waliogombana naye malishoni. Sisi wauguzi tulisema ni ile ya mpakani, imefika mwisho wake. Daktari aliandika kwenye kitabu cha vifo: kifua kikuu. Kila upande ulipata jibu lake, na hakuna aliyeuliza alikuwa anameza nini. Kesho yake saa moja nilisukuma kitoroli kama kawaida.

Felista alilazwa juma lililofuata. Alikuwa na miaka kama ishirini na sita, mfanyabiashara wa mpakani, wa kuvusha mablanketi na sabuni kutoka Nakonde, na hata akiwa amekonda vile alikuwa na kicheko kilichopita juu ya ule ukuta wa mbao. Kila asubuhi aliwasalimu wanaume wa upande wa pili kwa Kibemba, "Mulishani, wazee!" na wao wakajibu kwa Kinyiha, kwa Kinamwanga, kwa kikohozi. Mwinjilisti Yohani alikuwa mtani wake. "Binti, wewe ukipona utaokoka?" "Nikipona, baba mchungaji, nitakuletea suruali mpya kutoka ng'ambo. Hiyo yako imehubiri vya kutosha." Mimi aliniita sista mdogo. Mama yake alimpikia kule jikoni kwa ndugu wa wagonjwa, banda la bati lenye mafiga manane, na mara nyingi nilikula naye, maana chakula chetu cha bwenini kilikuwa maharage ya asubuhi na maharage ya jioni. Mama Felista alisonga ugali wa ulezi mweusi, akaweka mlenda na dagaa ambao binti yake aliwaita kapenta, na tulikula kwenye sahani moja, tukiwa tumechuchumaa, macho yanatoka machozi kwa moshi. Pale niliyasikia mengi kuliko kwenye ripoti za asubuhi.

"Wale wa vidonge vyeupe ndio wanaochubuka," alisema mwanamke mmoja siku moja, akikoroga sufuria. "Hata kwa shemeji yangu ilikuwa hivyo hivyo. Kifua kilipona, ngozi ikamtoka."

"Nyamaza we, sista yuko hapa," mwenzake akamwambia.

"Si anasikia? Akawaambie wakubwa."

Nilitabasamu, nikanawa mikono, nikarudi wodini. Sikuwaambia wakubwa. Nilikuwa na cheti changu kutoka chuoni na yeye alikuwa na mwiko wa sufuria.

Felista alianza kupona. Kikohozi kilipungua, akaomba nyama, akaomba kioo. Halafu Jumamosi moja, nilipofika na sinia, alikuwa amekaa kitandani amekumbatia magoti. Alinivutia kola ya gauni lake, nikaona vipele vyekundu kifuani, vidogo, vimesongamana. "Sista mdogo, leo sinywi. Vidonge hivi vinaniwasha mpaka ndani ya macho." Daktari alikuwa amesafiri kwenda Mbeya, Matroni alikuwa kwao Itumba kwa msiba. Niliogopa kumlazimisha, nikakirudisha kifurushi kwenye sinia. Jumapili pia hakumeza. Jumapili jioni vipele vilikuwa vimefifia, na alikuwa akimtania Mwinjilisti kwamba mahubiri yake yamekuwa marefu kama foleni ya malori. Nililiona hilo. Siwezi kusema leo kwamba sikuliona. Dawa ilipoondoka vipele viliondoka, na mtoto wa shule angeweza kuunganisha mambo mawili hayo.

Jumatatu daktari alirudi. Alikuwa mtu mwema, amechoka, akihudumia peke yake hospitali iliyostahili kuwa na madaktari wanne. Alipoona nafasi mbili tupu kwenye chati alinigeukia mbele ya wagonjwa wote. "Siku mbili? Nesi, unajua siku mbili zinampa nguvu gani yule mdudu? Huyu akirudi mpakani na kifua sugu ataambukiza mji mzima." Nikamweleza habari za vipele. Akamtazama kifua kwa haraka. "Ni sabuni hizi za ng'ambo. Mrudishie dawa leo leo." Akaenda kitanda kingine.

Felista alikataa. Alikataa kwa upole, uso ameugeuzia ukutani. Naomba wasomaji wangu wanielewe hapa, hasa ninyi wadogo zangu mnaofanya kazi za huduma. Daktari aliagiza na kuondoka. Ningeweza kumfuata, ningeweza kungoja Matroni arudi jioni. Badala yake niliketi ukingoni mwa kitanda, nikamshika mkono, nikaweka kidonge kwenye kiganja chake na kiganja changu juu yake, nikaomba. Nilisema, "Bwana, kifanye kidonge hiki kiwe uzima kwake, na uondoe woga moyoni mwake." Niliomba kwa moyo wote. Upande wa pili Mwinjilisti akaitikia amina, na wodi nzima ikaitikia. Felista akafumbua macho, akanitazama, akacheka kidogo. "Sasa umemleta Mungu, sista mdogo. Nitamkatalia yeye?" Akameza. Nikamtazama koo.

Ilipofika saa kumi jioni homa ilikuwa imempanda na midomo imevimba. Kesho yake mdomo ulijaa malengelenge, hata maji hayakupita. Matroni alikuja, akasimama miguuni pa kitanda, kisha akafunua shuka, akaifunika tena polepole. Tulikata majani ya mgomba. Siku ya nne Felista alikufa, macho yakiwa yamegandamana, na neno la mwisho nililolisikia kwake lilikuwa la kumwuliza mama yake kama mablanketi yameshavushwa. Nilipokuwa nasaidia kumfunga sanda, mama yake alinishika mabega. Aliniambia, "Mwanangu, asante. Ameniambia ulimwombea. Wengine wanakufa bila hata kuombewa." Nimepokea lawama nyingi katika utumishi wangu, na nyingine zilikuwa za haki, lakini hakuna iliyonilemea kama shukrani ile.

Asubuhi iliyofuata maombi yalinigomea, nikagawa kwanza, kila mmoja vidonge vyake mkononi, wangoje, na karatasi tupu nikazirudisha kwenye sinia. Kwa miezi kadhaa dawa zetu zilikuwa zinakunjwa kwenye karatasi ya njano, nzuri, nzito, na sikuwahi kuitazama. Siku hiyo niliitazama. Ilikuwa imechapwa kwa Kiingereza, imekatwa katikati ya sentensi, na kwa Kiingereza cha sekondari nilisoma: je, mgonjwa alipewa tena dawa inayoshukiwa, na nini kilitokea? Nikachukua ya pili. Iliuliza jina la mtoa taarifa. Nilimwacha kila mtu na dawa yake mkononi, nikakimbia ofisini kwa Matroni na vile vipande viwili.

Alivipanga mezani, akavisoma. Kisha akanieleza. Mwezi wa pili lilikuja boksi kutoka Dar es Salaam na barua moja ya Kiingereza: fomu za hospitali kutolea taarifa kama dawa imemdhuru mgonjwa. Hakuja mtu wa kuzieleza. Daktari alisema dawa zetu ni za serikali, zimeshapimwa, hatuna la kutaarifu. Na juma hilohilo karatasi za kufungia vidonge zilikuwa zimekwisha. "Karatasi safi, upande mmoja mtupu," Matroni alisema. "Niliwapa wasichana mkasi mimi mwenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa lile boksi." Aliinuka, akafungua kabati la dawa, akaondoa vyombo vya vipimajoto kwenye rafu. Chini yake kulikuwa na fomu tatu, zimetandikwa kama kitambaa, nzima.

Daktari alipoitwa hakupiga kelele. Alikaa, akavua miwani. "Matroni, fikiria. Hii ni hospitali ya kanisa. Ikiandikwa kwamba tunaua watu kwa dawa, nani ataleta mgonjwa hapa? Watarudi kwa waganga wa kienyeji na kifua kitawamaliza wote. Na yule binti alikuwa na ule mwingine. Angekufa tu."

"Angekufa," Matroni alisema. "Lakini hakufa kwa huo, daktari."

"Huna uhakika."

"Fomu haijaniuliza kama nina uhakika. Imeuliza ninashuku nini."

"Na wakija wakaguzi?"

"Aliyepaswa kujua ameshajua," akamjibu, na wote watatu tulielewa hakuwa anasema habari za Dar es Salaam. Daktari aliivaa miwani yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba na yule mfugaji wa Momba aandikwe.

Mimi ndiye niliyeandika, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Umri, uzito, dawa, siku ya kuanza, siku ya vipele. Tulipofika kwenye swali lile la kurudia dawa, niliandika kwamba ilirudishwa kwa agizo la daktari. Matroni alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ni kweli," alisema. "Lakini mgonjwa alikataa agizo. Nani alimpa hata akakubali?" "Mimi." "Basi andika." Nikaandika: alikataa, nilimshawishi, alimeza. Mwisho nikaweka jina langu mahali pa mtoa taarifa, na Matroni, ambaye hakuulizwa na fomu, akaandika la kwake chini yake kwa kalamu nyekundu ya ripoti.

Hatukupata jibu. Miaka ilipita kabla sijasikia katika semina moja ikielezwa kwamba dawa ile, thiasetazoni kwa jina la kitabuni, haipaswi kupewa mtu mwenye ule mwingine, na kwamba taarifa kutoka hospitali nyingi za Afrika ndizo zilizolifichua jambo. Sijui kama karatasi zetu mbili zilikuwa miongoni mwao. Huenda zilipotea njiani, huenda panya walizila kwenye posta. Nimejifunza kuomba bila kudai kuonyeshwa jibu. Lakini namshukuru Mungu kwa Matroni Tusekile, aliyekuwa na mkasi mkononi na hakuuficha, na ambaye siku ileile, kabla ya barua kufungwa, alinirudisha wodini. Kwa maana nilikuwa nimewaacha watu na vidonge mkononi, na wao, kwa utii tuliowafundisha, walikuwa bado wamevishika wakingoja niombe.

"Leo hutaomba kwanza," Matroni aliniambia mlangoni. "Utauliza, halafu utatazama. Maombi baadaye, na macho yakiwa wazi."

Nikaanza kitanda cha kwanza. Mwili unawasha? Hapana, sista. Nikainua kanga, nikatazama, ngozi ilikuwa safi. Cha pili hapana. Cha nne hapana. Walinitazama kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya shambani. Nilipofika namba saba Mwinjilisti Yohani alikuwa amekaa wima, shati limefungwa mpaka shingoni, kidonge ndani ya ngumi.

"Mwili unawasha, baba?"

"Niko salama kwa neema."

"Nifungulie mkono wa shati."

"Sista, niko salama."

Nikafungua kifungo mwenyewe, nikapandisha shati mpaka kiwikoni. Vipele vilikuwa vimesongamana tangu kwenye kifundo cha mkono, na katikati yake mistari ya kucha iliyokauka damu.

"Tangu lini?"

"Jumatatu." Hakunitazama. "Ile siku ya binti."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Ningesemaje?" akauliza, na sauti iliyozoea masoko ilikuwa imebaki ya kunong'ona. "Wewe unakiombea, na mimi ndiye ninayeitikia amina."

Nilimfungua vidole kimoja kimoja. Kidonge kilikuwa kimeanza kuyeyuka kwa jasho la kiganja. Nikakichukua.